Iulize seva yenyewe iko poti gani

Mtu akinipigia simu kuniambia RPC, ile njia ya programu kuitana kati ya kompyuta, imekataa, swali langu la kwanza huwa ni moja: umeiuliza seva? Sisemi ping, ile ya kupima kama kompyuta inajibu, wala sisemi kupima kama poti 135, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia, iko wazi. Nauliza kama umeandika amri ukaiuliza seva yenyewe, huduma unayoitafuta inasikiliza poti gani saa hii. Mara nyingi jibu huwa hapana, na mara nyingi tatizo liko papo hapo. Watu hupoteza asubuhi nzima wakizima hiki na kuwasha kile, ilhali jibu lote limeandikwa mahali na linasubiri tu kusomwa.

Kazi yangu ni seva na mitandao. Ofisi kuu yetu iko Industrial Area, Nairobi, tuna tawi Thika na stoo Kitengela. Nimeona nieleze jambo hili kwa Kiswahili chetu kwa sababu vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo hufika wakiwa wamekariri namba za poti, na RPC ndiyo mahali ambapo kukariri hakusaidii.

RPC ni njia ya programu moja kuita kazi iliyo ndani ya kompyuta nyingine kana kwamba kazi hiyo iko hapohapo. Ukisimamia printa ya mbali kwenye Windows, unaitumia. Seva mbili za Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti za ofisi, zikipashana habari za akaunti mpya, zinaitumia. Ukifungua faili iliyo kwenye NFS, njia ya Unix ya kushiriki folda mtandaoni, ni yenyewe pia. Sasa, seva ya wavuti inajulikana iko 80 au 443, hakuna wa kuuliza. Huduma nyingi za RPC hazina poti ya kudumu. Huduma ikiamka, mfumo unaipa poti yoyote iliyo huru, kisha huduma inaenda kujiandikisha kwa msajili: mimi ni fulani, nimekaa poti hii. Kwenye Windows msajili huyo anasikiliza poti 135. Kwenye Linux na jamaa zake wa Unix yuko 111, na jina lake siku hizi ni rpcbind, ingawa wengi bado wanamwita portmapper kwa jina la zamani.

Ni kama majengo ya vibanda pale Luthuli Avenue. Fundi wa simu uliyemwachia kioo mwezi jana alikuwa ghorofa ya pili, leo kodi imempeleka ya nne. Vibanda vinahama, lakini soja wa mlangoni habanduki, naye anajua kila mtu alipo. Unamuuliza, anakuelekeza, halafu ngazi unapanda mwenyewe. Kama mlango wa ghorofa ya nne umefungwa kwa kufuli, kuelekezwa vizuri hakutakufikisha.

Hilo la mwisho ndilo lililotupata Thika.

Kampuni inayotuwekea laini ilibadilisha vifaa vya tawi na kuweka faiawali mpya, kile kizuizi kinachoamua poti zipi zipite. Walifungua poti walizoona zinatajwa kila mahali: 53, 88, 135, 389, 445. Orodha ukiitazama kwa haraka inaridhisha. Kesho yake akaunti iliyofunguliwa Industrial Area haikuonekana Thika, na nenosiri lililobadilishwa huku lilikataliwa kule. Amri ya `repadmin /showrepl`, inayoonyesha kama seva hizo zinapashana habari, ikaleta kosa 1722, yaani seva ya RPC haipatikani. Kijana aliyekuwa nasi kwa mafunzo akaja mezani kwangu na laptopu yake mkononi.

"Madam, 135 iko wazi, nimeipima na inajibu. Mbona inasema haipatikani?"

Nililipenda swali lile, kwa sababu alikuwa amepima kabla ya kuuliza. Nikamwambia avute kiti tuulize msajili pamoja. Kwenye Windows kifaa ninachokitumia zaidi ni PortQry, programu ndogo ambayo Microsoft wenyewe huitoa bure. Haiji na Windows, unaipakua. Ukiielekeza kwenye poti nyingi inakwambia tu kama iko wazi au imefungwa, lakini ukiielekeza kwenye 135 inafanya zaidi: inazungumza na msajili kwa lugha yake na kukuletea daftari lote.

`portqry -n 10.20.1.5 -e 135`

Daftari hilo ni refu. Kwenye seva ya domeni, yaani ile inayotunza akaunti za ofisi, yenye kazi nyingi linaweza kujaza skrini mara kadhaa, na mtu asiyelizoea hukata tamaa akiona mistari ile ya herufi na namba. Usikate tamaa. Kila ingizo lina sehemu mbili unazozihitaji. Mstari wa kwanza ni kitambulisho cha huduma, UUID, na mara nyingi maelezo mafupi pembeni. Mstari wa pili ni mahali inapopatikana. Tulichokuwa tunakitafuta ni huduma ya unakilishaji wa Active Directory, ile ya seva kupashana nakala za akaunti, na kitambulisho chake hakibadiliki kwenye seva yoyote duniani, kwa hiyo tukachuja kwa PowerShell, dirisha la amri la Windows:

`portqry -n 10.20.1.5 -e 135 | Select-String e3514235 -Context 0,1`

Ikarudi hivi:

`UUID: e3514235-4b06-11d1-ab04-00c04fc2dcab MS NT Directory DRS Interface`
`ncacn_ip_tcp:10.20.1.5[49667]`

Soma mstari wa pili polepole. `ncacn_ip_tcp` maana yake huduma inafikiwa kwa TCP ya kawaida, kisha anwani, kisha poti ndani ya mabano ya mraba: 49667. Ukiona `ncalrpc` mahali hapo, hiyo ni ya ndani ya kompyuta ileile tu, ipite. Ukiona `ncacn_np`, huduma inapitia mfereji wenye jina, na hiyo husafiri kwa poti 445, ndiyo maana baadhi ya mambo yalikuwa yanafanya kazi Thika na mengine hayafanyi. Mambo hayo mawili yalikuwa yamemchanganya yule kijana tangu asubuhi: folda za pamoja zinafunguka vizuri, akaunti hazisafiri. Alipoiona 445 upande mmoja na 49667 upande mwingine, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe 135 inatuelekeza tu."

Ndiyo hivyo. Alijaribu `Test-NetConnection 10.20.1.5 -Port 49667` akiwa kwenye mashine ya Thika, ikakataa. Akaijaribu kutoka mashine iliyo hapa ofisini, ikakubali. Seva ilikuwa nzima, huduma ilikuwa imejiandikisha vizuri, na kizuizi kilikuwa njiani. Kwenye seva yenyewe tulithibitisha ni nani hasa aliyekaa pale: `netstat -ano | findstr 49667` inakupa namba ya mchakato, na `tasklist` inakwambia namba hiyo ni ya nani. Alikuwa lsass.exe, kama inavyotarajiwa, kwa sababu huduma za domeni zinaishi ndani yake. Ndiyo maana pia ukisoma daftari utakuta huduma kadhaa tofauti zikitumia poti ileile moja.

Fundi wa ile kampuni nilipompigia alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. "Nifungue zote tu, dada, tumalize?" Nikamwambia, "Hapana kaka, tusifungue zote." Tangu Windows Vista na Server 2008, poti hizi za kupeanwa hutoka kati ya 49152 na 65535, yaani poti 16384. Unaweza kuziona mwenyewe kwa `netsh int ipv4 show dynamicport tcp`. Zamani zilikuwa 1025 hadi 5000, na bado nakuta orodha za faiawali hapa mjini zenye namba hizo za zamani, zimenakiliwa kutoka mradi hadi mradi bila mtu kuuliza zimetoka wapi. Kuzifungua 16384 zote kati ya seva mbili zinazojulikana ni jambo linalokubalika, mradi iwe ni anwani hizo mbili tu. Kuzifungua kwa tawi zima ni kuacha nyumba wazi.

Mimi napenda njia nyingine, nayo ni kuiambia huduma ikae poti moja. Kwa unakilishaji wa Active Directory unaandika thamani inayoitwa `TCP/IP Port` kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, chini ya `Services\NTDS\Parameters`. Kwa Netlogon, huduma ya kuingia kwenye domeni, ni `DCTcpipPort` chini ya `Services\Netlogon\Parameters`. Nilichagua 40010 na 40011, chini ya yale masafa ya kupeanwa ili nisigombane na programu nyingine, nikawasha upya seva usiku watu wakiwa wamelala. Kisha, kabla ya kumpigia fundi, niliuliza tena kwa amri ileile. Safari hii mabano yalikuwa na 40010. Hapo ndipo nilipompa namba za kufungua. Na 135 ibaki wazi pia, maana hata huduma ikiwa imewekwa poti moja ya kudumu, mteja, yaani kompyuta inayoomba huduma, bado huanza kwa kumuuliza msajili.

Kosa moja zaidi la kujua kwenye Windows ni 1753. Watu huliweka kapu moja na 1722, na haya mawili ni tofauti kabisa. 1722 ni kwamba hukufika, ama kwa msajili ama kwa huduma. 1753 ni kwamba umefika kwa msajili, umemuuliza, na yeye amekujibu kuwa hana mtu wa jina hilo. Ukiona 1753 waache watu wa faiawali wapumzike, nenda kwenye seva ukaangalie kama huduma imewaka. Nimeona ofisi mbili zikilaumiana siku nzima kwa sababu hakuna aliyesoma namba ya kosa hadi mwisho.

Upande wa Linux mambo ni mepesi zaidi kuyatazama. Mfumo huu wa RPC unatokana na Sun Microsystems, waliotengeneza pia NFS miaka ya 1980, na maelezo yake yalichapishwa kama RFC 1057 mwaka 1988. Wa Windows una nasaba nyingine, ile ya kiwango kinachoitwa DCE, kwa hiyo usitarajie amri za huku zizungumze na msajili wa kule. Huku huduma hutambulishwa kwa namba badala ya UUID. 100000 ni msajili mwenyewe, 100003 ni NFS, 100005 ni mountd anayeunganisha folda, 100021 ni mshika kufuli wa faili, 100024 ni mwangalizi wa hali. Majina ya namba hizi yako kwenye faili ya `/etc/rpc`, ifungue uisome, ni fupi na inafundisha.

Stoo ya Kitengela ilikuwa na seva ya NFS toleo la 3. Stima ilipotea usiku, betri ya UPS ikaisha nguvu, seva ikazima na kuamka yenyewe stima iliporudi. Asubuhi mama anayesimamia stoo akanipigia: faili zinaonekana, zinafunguka kwa kusomwa, lakini programu ya hesabu za bidhaa ikifunguliwa inaganda. Akaniambia pia kwamba lori la Namanga liko langoni linasubiri karatasi. Nikiwa bado ndani ya matatu Mombasa Road, nimeunganisha laptopu kwa simu, niliandika:

`rpcinfo -p 10.20.3.8`

Haya ndiyo yaliyonihusu katika jibu:

`100000  4  tcp    111  portmapper`
`100005  3  tcp  20048  mountd`
`100003  3  tcp   2049  nfs`
`100024  1  tcp  38241  status`
`100021  4  tcp  41733  nlockmgr`

Namba ya programu, toleo, itifaki, poti, jina. Tazama 20048 na 2049: hizo zilikuwa zilezile za siku zote, ndiyo maana folda iliunganika na faili zikasomeka. Tazama sasa 41733. Kabla ya stima kupotea mshika kufuli alikuwa poti nyingine, na sheria ya faiawali ilikuwa imeandikwa kwa poti ile ya zamani. Programu ya hesabu haiandiki kitu mpaka ifunge faili kwa kufuli ili watu wawili wasiandike pamoja, kwa hiyo iliomba kufuli, ikangoja jibu lisilokuja. Kuganda kule hakukuwa na uhusiano wowote na diski, ingawa ujumbe wa kwanza niliotumiwa ulisema diski imekufa.

Nilirekebisha sheria ya faiawali kwanza ili lori liondoke. Baadaye nikaandika poti za kudumu za mountd, statd (mwangalizi wa hali) na lockd (mshika kufuli) kwenye `/etc/nfs.conf`. Kumbuka kufuli za toleo la 3 zinaenda pande zote mbili. Seva nayo humpigia mteja kumwambia kufuli uliyoingoja imepatikana, kwa hiyo uliza `rpcinfo -p` kwa anwani ya mteja pia.

Kuna amri nyingine ya `rpcinfo` ambayo naiona haitumiki inavyostahili:

`rpcinfo -t 10.20.3.8 100005 3`

Hii haiishii kwa msajili. Inapata poti kwake, kisha inaenda kugonga huduma yenyewe kwa TCP na kungoja ijibu. Ni muhimu kwa sababu daftari la rpcbind linaweza kuwa na jina la marehemu. Huduma ikiuawa ghafla bila kujiondoa, ingizo lake linabaki pale pale, na `rpcinfo -p` italionyesha bila shaka yoyote. Kinyume chake pia hutokea: rpcbind akiwashwa upya bila kuhifadhi daftari lake, huduma ziko hai lakini hakuna anayezijua, na dawa ni kuziwasha upya zijiandikishe tena. Kwa hiyo soma daftari, kisha gonga mlango.

Sasa usalama, na hapa naomba msomaji wangu anisikilize vizuri. Daftari hili hupewa mtu yeyote anayeuliza, mara nyingi bila nenosiri. Chombo kama `rpcdump.py` cha Impacket, mkusanyiko wa programu za Python za kuchunguza mitandao, ambacho nami hukitumia nikiwa kwenye mashine ya Linux, huiuliza 135 na kukuandikia jina la itifaki na hata faili ya programu (DLL) iliyo nyuma ya kila huduma. Ukiweza kuliona wewe kutoka intaneti, mhalifu naye ameliona. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulizunguka dunia kwa kuingilia poti 135, wakati kiraka cha tatizo lile kilikuwa kimetolewa Julai mwaka huohuo. Poti 111 nayo kwa UDP, njia isiyothibitisha mtumaji ni nani, hutumiwa na wahalifu kwa namna nyingine: wanatuma swali dogo kwa jina la mtu wanayetaka kumshambulia, rpcbind wako anampelekea yule mtu jibu kubwa kuliko swali, na seva nyingi zikifanya hivyo kwa pamoja mtandao wa yule mtu unazama. Seva yako haijavunjwa, lakini imetumika kumpiga mwingine. Poti 111 na 135 hazina kazi kwenye intaneti. Zizuie langoni, na mtu wa tawi apite kwenye VPN, njia ya faragha iliyosimbwa.

Na uulize seva zako tu, au zile ulizopewa ruhusa kuzigusa. Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na sitaki kijana yeyote aliyejifunza amri hizi kwangu aende kuzijaribu kwenye anwani ya benki ili aone kitakachotokea. Nyumbani unaweza kuweka mashine pepe mbili za bure (virtual machine) kwenye laptopu moja, moja iwe seva ya NFS, nyingine iwe mteja, ukaiwasha na kuizima huduma ukitazama poti zikihama. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye anwani ya mtu.

Siku hizi naweka kumbukumbu. Kila usiku skripti fupi inaendesha `rpcinfo -p` kwa seva za Linux na `portqry` kwa za Windows, inaandika majibu kwenye faili zenye tarehe, na `diff`, amri ya kulinganisha faili, inanionyesha asubuhi kilichohama. Stima ikipotea Kitengela usiku, huwa najua kwa kuona namba kabla sijapigiwa simu. Kufikia sasa mashine nyingi za stoo zimehamia NFS toleo la 4, ambalo halimhitaji msajili hata kidogo: kufuli zimo ndani ya itifaki yenyewe, na kila kitu kinapita 2049. Imebaki kompyuta moja ya zamani iliyounganishwa na skana ya kusomea risiti, inayoelewa toleo la 3 tu. Ikishabadilishwa, nitazima rpcbind pale stoo na kuifuta 111 kwenye sheria za faiawali.